Ikwesheni mbili, x na y: jinsi ya kuzitatua bila kubahatisha

Jioni watoto wa mtaani kwetu huku Ngamiani, Tanga, wanakuja barazani na madaftari yao, nikiwauliza leo kinawasumbua nini jibu ni lile lile, saimoltenias, yani ikwesheni (milinganyo) mbili zinazotatuliwa kwa pamoja. Wengine wako fomu wani ndo wamekutana nazo juzi, wengine wako fomu foo wanajiandaa na mtihani na bado wanazikwepa. Nikiwaangalia wanavyofanya naona hatua wengi wanazijua, kuzidisha wanajua, kutoa wanajua, ila hawajui wanatoa nini kwenye nini na kwanini, kwahiyo swali likibadilika sura kidogo tu wanapotea. Nimeandika hii kwa ajili yao, na kwa mzazi anayetaka kumsaidia mtoto nyumbani wakati mwenyewe hesabu aliziacha miaka mingi.

Tuanze na chai. Mmekaa mgahawani asubuhi mmekula vitumbua vitatu na vikombe viwili vya chai, mmelipa 1,900. Kitumbua kimoja bei gani? Huwezi kujua. Kinaweza kuwa 300 na chai 500, kinaweza kuwa 100 na chai 800, kinaweza kuwa 500 na chai 200, jumlisha mwenyewe utaona zote zinafika 1,900 na wala hujakosea popote. Ila sasa meza ya pili hapo hapo wamekula vitumbua vitano na chai vikombe viwili, wao wamelipa 2,500. Chai ni ile ile, vikombe viwili kama nyie. Kilichozidi kwao ni vitumbua viwili tu, na hela iliyozidi ni 600. Basi vitumbua viwili ni 600, kimoja ni 300. Rudi kwenye meza yenu, vitumbua vitatu ni 900, kwenye 1,900 inabaki 1,000 ya vikombe viwili, chai ni 500.

Umeshatatua ikwesheni mbili zenye herufi mbili na hujaandika herufi hata moja. Mambo mawili usiyoyajua yanataka habari mbili tofauti, na kazi yote ni kufanya moja kati ya hayo mawili lipotee kwa muda ili ubaki na moja, kwasababu moja unaliweza toka darasa la sita. Njia zote nitakazoandika hapa chini zinafanya kitu hicho hicho.

Sasa tuandike kama inavyotakiwa kwenye mtihani. Sema x ni bei ya kitumbua kimoja, y ni bei ya kikombe kimoja cha chai.

3x + 2y = 1,900
5x + 2y = 2,500

Angalia nimesema x ni BEI ya kitumbua kimoja, sijasema x ni kitumbua. Watoto wengi wanaandika "x = vitumbua" halafu mbele huko hawajui namba waliyopata ni idadi au ni hela. Herufi inasimama badala ya namba. Andika sentensi nzima, x ni bei ya nini, ni idadi ya nini, ni umri wa nani, hiyo sentensi moja inaokoa nusu ya maswali ya maneno.

Kwenye chai tulikuwa na bahati maana 2y ilikuwa sawa juu na chini. Mara nyingi haiwi hivyo. Njoo sokoni msimu wa machungwa yanaposhuka kutoka Muheza. Mtu kanunua madafu 2 na machungwa 7 kwa 3,400, mwingine kanunua madafu 3 na machungwa 4 kwa 3,800, bei ni zile zile kwa wote. x bei ya dafu moja, y bei ya chungwa moja.

2x + 7y = 3,400
3x + 4y = 3,800

Ukitoa hivi hivi hakuna kinachopotea, unabaki na x na y zote mbili. Kwahiyo unalazimisha zifanane. Mbele ya x kuna 2 na 3, KDS yake ni 6 (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, ile ile KDS ya shule ya msingi, hapa ndo kazi yake), basi ikwesheni ya juu izidishe yote kwa 3 na ya chini yote kwa 2:

6x + 21y = 10,200
6x + 8y = 7,600

Ni sawa na kusema yule wa kwanza angenunua mara tatu ya alivyonunua angelipa mara tatu, ukweli haujabadilika. Ndomana lazima uzidishe KILA kitu, mpaka ile hela ya upande wa kulia. Mtoto akizidisha kushoto akasahau kulia ni kama kabeba mzigo mara tatu halafu kalipa bei ya mmoja, muuza duka hatokubali. Sasa toa ya chini kwenye ya juu, 6x zinaondoka, 13y = 2,600, y = 200. Rudisha kwenye yoyote kati ya zile za mwanzo, 2x + 1,400 = 3,400, 2x = 2,000, x = 1,000. Dafu elfu moja, chungwa mia mbili.

Halafu hakiki kwenye ile AMBAYO hukuitumia kurudisha. Hapa nilirudisha kwenye ya kwanza, kwahiyo nahakiki kwenye ya pili: 3 × 1,000 + 4 × 200 = 3,800. Imekubali. Ukihakiki kwenye ile ile uliyorudishia itakubali siku zote hata kama y yako ni ya uongo, maana x umeitafuta kwa kuilazimisha humo humo. Hili sioni likisisitizwa vya kutosha, mtoto anahakiki, inakubali, anafurahi, anakuta kosa.

Sasa nije kwenye mahali panapoua watu, alama ya kutoa. Binti mmoja wa fomu tuu alikuja na daftari limechanika pale alipofuta na kifutio zaidi ya mara tatu. Swali lilikuwa:

4x − 3y = 5
2x − 5y = −1

Akazidisha ya chini kwa 2, akapata 4x − 10y = −2, sahihi kabisa. Halafu akatoa na akaandika −13y = 3. Akapata y ni tatu chini ya kumi na tatu yenye alama ya kutoa (−3/13), akajua kuna kitu hakiko sawa, akafuta, akarudia, akapata hiyo hiyo. Tatizo lake lilikuwa hapa: kutoa −10y maana yake ni −3y − (−10y), na kutoa deni ni kuongeza, inakuwa −3y + 10y = 7y. Na upande wa kulia 5 − (−2) = 7. Kwahiyo 7y = 7, y = 1, halafu 2x − 5 = −1, 2x = 4, x = 2.

Nilichomwonyesha ndo nawaonyesha wote siku hizi: usitoe kabisa. Geuza alama zote za ikwesheni ya chini halafu JUMLISHA. Yani ile 4x − 10y = −2 iandike upya −4x + 10y = 2, kila alama imegeuka, afu jumlisha na ya juu:

4x − 3y = 5
−4x + 10y = 2

Moja kwa moja 7y = 7. Inaongeza mstari mmoja wa kuandika ila inaondoa makosa mengi sana, kwasababu akili imezoea kujumlisha kuliko kutoa kitu chenye alama ya kutoa. Yule binti alifanya maswali manne mengine pale pale barazani bila kugusa kifutio.

Kuhusu alama nina jambo lingine. Watoto wanafundishana kwamba "ikivuka sawasawa inabadili alama", kama vile ni uchawi wa daraja. Inaleta jibu, lakini mtoto asiyejua kwanini siku moja ataibadili hata isiyotakiwa, ataona 2x = 6 aandike x = 6 − 2. Ukweli ni kwamba hakuna kinachovuka. Alama ya sawasawa ni mizani, ukiongeza kitu sahani hii unaongeza hicho hicho sahani ile. x − 5 = 3, naongeza 5 pande zote mbili, kushoto ile −5 imefutika, kulia imekuwa 8. Na hili ndo asili ya jina lenyewe la hesabu hizi za herufi, aljebra imetoka kwenye Kiarabu al-jabr, kuunga kilichovunjika, hata kuunga mfupa uliovunjika ni neno hilo hilo. Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad karne ya 9, alilitumia kwa kitendo hicho cha kurudishia pale palipopunguzwa kwa kuongeza pande zote. Sisi wa pwani tulioshika alifu na bee madrasa hatuna sababu ya kuliogopa neno hili, jabari tunaijua, ni mzizi mmoja.

Njia ya pili ni ya kubadilisha, wenyewe mashuleni wanaita sabstityusheni. Hapa hutafuti kufananisha namba, unachukua ikwesheni moja ukaiuliza x ni nini kwa lugha ya y, halafu hilo jibu unalipeleka kwenye ikwesheni nyingine. Tanga ni mji wa baiskeli basi tuchukue baiskeli. Nje ya soko kuna vyombo 20, baiskeli na bajaji tu, mtoto kahesabu magurudumu kapata 47. Baiskeli ngapi, bajaji ngapi? x idadi ya baiskeli, y idadi ya bajaji.

x + y = 20
2x + 3y = 47

Ya kwanza inasema x = 20 − y. Popote palipo na x kwenye ya pili weka 20 − y, na WEKA MABANO: 2(20 − y) + 3y = 47. Fungua, 40 − 2y + 3y = 47, 40 + y = 47, y = 7. Bajaji 7, baiskeli 13. Magurudumu 26 na 21, jumla 47. Bila mabano mtoto anaandika 2 × 20 − y, anapata 40 − y + 3y, kapotea.

Halafu angalia ule mstari wa 40 + y = 47, usiupite haraka. Unasema hivi: vyombo vyote 20 vingekuwa baiskeli tungekuwa na magurudumu 40, tuna 47, saba zaidi, na kila bajaji inaleta gurudumu moja la zaidi, basi bajaji ni saba. Bibi ambaye hajawahi kusikia x angeweza kukuambia hivyo hivyo. Nikimwonyesha mtoto mstari huo uso unabadilika, kumbe herufi zilikuwa zinasema kitu.

Utumie ipi kati ya hizo mbili? Mimi naangalia kama kuna herufi iko peke yake, haina namba mbele, kama x + y = 20 au y = 3x − 1, hapo nabadilisha. Kama herufi zote zina namba mbele, kama madafu na machungwa, naondoa kwa KDS, maana ukibadilisha pale utapata sehemu, x ni 3,400 toa 7y yote chini ya 2, kazi yake ni kubwa bure. Ila swali likisema tumia njia fulani, tumia hiyo, msahihishaji anasahihisha njia.

Kuna wakati hata kuzidisha huhitaji. Boti linashuka Mto Pangani kuelekea baharini kilomita 12 kwa saa moja, kurudi juu kilomita hizo hizo linatumia saa moja na nusu. Mwendo wa boti kwenye maji yaliyotulia ni x, mwendo wa maji ni y. Kushuka maji yanasaidia, x + y = 12. Kupanda maji yanazuia, 12 gawanya kwa 1.5 ni 8, x − y = 8. Jumlisha tu, 2x = 20, x = 10, y = 2. Mvuvi atakwambia mdomoni mwa mto maji kujaa na kupwa yanabadilisha mambo na ni kweli, kwenye swali tunachukulia mkondo ni ule ule kwenda na kurudi.

Njia ya grafu nitaipitia haraka ila ina faida yake. Kila ikwesheni ya namna hii ukiichora inatoa mstari ulionyooka, na jibu ni pale mistari miwili inapokatana. Chukua x + y = 6 na x − y = 2. Ya kwanza, x ikiwa 0 y ni 6, y ikiwa 0 x ni 6, weka nukta mbili unganisha. Ya pili, x ikiwa 0 y ni −2, y ikiwa 0 x ni 2, unganisha. Inakatana kwenye (4, 2). Ni kama kumwelekeza mgeni Ngamiani, ukimwambia tu "niko Barabara ya Saba" atatembea yote akutafute, ukimwambia na mtaa unaoikata anakuja mpaka kwenye kona. Ubaya wa grafu ni kwamba jibu likiwa na sehemu, kama mbili na theluthi, rula yako haitokuambia sawasawa. Itumie kuona, au wakikulazimisha.

Na grafu ndo inaeleza yale maswali yanayowachanganya watu, ambayo kila kitu kinapotea. Sema madafu 2 na machungwa 4 ni 2,800, na dafu 1 na machungwa 2 ni 1,400. Ukizidisha ya pili kwa 2 inakuwa ya kwanza yenyewe, ukitoa unapata 0 = 0. Hujakosea. Umepewa habari moja mara mbili, ni mstari mmoja umechorwa juu ya mwenzie, majibu hayana idadi. Lakini hiyo ya pili ingekuwa 1,500, ukitoa unapata 0 = 200 (au −200, inategemea umetoa ipi kwenye ipi), kitu kisichowezekana. Hapo mistari inakwenda sambamba kama Barabara ya Sita na ya Saba, utembee mpaka uchoke hazikutani, jibu hakuna. Andika hivyo hivyo, "hakuna jibu", usibuni namba ili tu pasiwe patupu.

Ukitaka kujua mapema kama swali lina jibu moja, zidisha msalaba zile namba za mbele ya herufi halafu toa. Kwenye madafu ya mwanzo ilikuwa 2 na 7 juu, 3 na 4 chini: 2 × 4 − 3 × 7 = −13, sio sifuri, jibu lipo na ni moja. Kwenye hii ya pili 2 × 2 − 1 × 4 = 0, tahadhari. Hiyo −13 ndo inayotumika kwenye kanuni ya Cramer, Mswisi wa Geneva aliyeichapisha 1750, nanyi wa fomu foo mtaikuta kwenye matriksi. x ni (3,400 × 4 − 3,800 × 7) gawanya kwa −13, yani −13,000 gawanya −13, elfu moja, dafu lile lile. y ni (2 × 3,800 − 3 × 3,400) gawanya kwa −13, inatoka 200. Ni ya haraka na nzuri kwa kuhakiki, ila kwa mtoto wa fomu wani simpi kwanza, ataikariri na hatojua inatoka wapi.

Sehemu zikitokea ziondoe kabla hujaanza chochote. x/2 + y/3 = 4, KDS ya 2 na 3 ni 6, zidisha yote kwa 6 pamoja na ile 4, inakuwa 3x + 2y = 24. Ikiwa mwenzie ni x − y = 3, basi x = y + 3, unabadilisha, 3(y + 3) + 2y = 24, 5y = 15, y ni 3, x ni 6.

Maswali ya umri nayo yana mtego wake. Mama ana umri mara tatu ya mtoto, baada ya miaka 12 atakuwa na mara mbili ya umri wa mtoto. m ni umri wa mama sasa, t ni umri wa mtoto sasa, m = 3t ni rahisi. Ya pili watoto wanaandika m + 12 = 2t, wanasahau kwamba miaka 12 ikipita kwa mama na kwa mtoto imepita pia. Sahihi ni m + 12 = 2(t + 12). Weka 3t badala ya m, 3t + 12 = 2t + 24, t = 12, mama 36. Baada ya miaka 12 watakuwa 48 na 24, sawa.

Haya fanya hizi mbili mwenyewe, kalamu na karatasi, simu weka pembeni. Nazi 5 na ndimu 8 ni 4,400, nazi 3 na ndimu 10 ni 2,900, tafuta bei ya kila moja. Ya pili, konda kahesabu noti 15, ni za 2,000 na za 5,000 tu, jumla 48,000, za kila aina ngapi? Ya kwanza ukipata nazi 800 na ndimu 50 uko sawa. Ya pili ni noti 9 za elfu mbili na 6 za elfu tano, na ukipata kinyume chake, 6 na 9, rudi kaangalie uliandika x ni idadi ya noti zipi.